Kelele Kifuani mwa Kesho

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, hedifoni masikioni, nikiitukana maiki. Wengine mmenicheka. Msomaji mmoja amemwandikia mhariri akiuliza kwa nini mtu mzima anagombana na waya. Chekeni tu, mna haki. Mimi mwenyewe ningecheka, kama nisingejua kilichofuata.

Kwa aliyeingia leo, nitamweleza upesi. Mimi ndiye yule kijana aliyefukuzwa kazi ya kupokea simu za wateja kwa kosa la kusinzia na hedifoni kichwani, akaachwa na mchumba wiki hiyohiyo, akahamia kwenye stoo ya dada yake na kulala kati ya jiko bovu na mabegi ya shemeji. Sina pa kwenda na sina haraka ya kufika.

Rafiki zangu ni wawili, wote wa tangu chuo. Wa kwanza tunamwita Dairekta, ingawa hadi mwaka huu hakuwa ameongoza kitu chochote zaidi ya foleni ya maji. Wa pili ni Kesho.

Jina la Kesho lilitokana na majibu yake. Umetafuta kazi? Kesho. Umerudisha koti langu? Kesho. Unahama lini kwa Dairekta? Kesho, bwana, kesho. Alifika kwa Dairekta na begi moja, akaomba kulala usiku mmoja tu. Siku hizi ana mswaki wake pale, ndoo yake, na upande wake wa kochi ambao mgeni akiukalia anaombwa asogee.

Hapo ndipo Dairekta alipopata wazo la sinema. Sinema ya kuchekesha, ya kijana aliyekaribishwa kulala usiku mmoja akagoma kuondoka, na rafiki yake anayeona haya kumfukuza. Hakuna bastola, hakuna harusi. Watu wazima tu wasiojua wanaelekea wapi, wakigombania kochi. Huyo rafiki haonekani, ni sauti ya Dairekta kutoka nyuma ya kamera. Kijana ni Kesho, na kusema kweli hakuhitaji kuigiza sana.

Mimi nilipewa sauti kwa sababu moja: nilikuwa na hedifoni. Ndicho kitu pekee nilichoondoka nacho kazini. Wakaniita Masikio.

Shangazi yake Dairekta ni msimamizi wa jengo la ghorofa tano. Alituazima nyumba tupu ya juu kabisa, kwa sharti kwamba mpangaji mpya akiingia Jumapili asikute hata njiti ya kiberiti. Siku moja kabla, Jumamosi, ndipo tulipopanga kupiga picha za onyesho la mwisho. Hapo ndipo tulipokuwa.

Sasa turudi kwenye kelele.

Maiki ya Kesho ilikuwa ndogo kama punje ya harage. Niliibandika kwa selotepu katikati ya kifua, chini ya lile shati lake la njano alilovaa sinema nzima. Waya ulishuka hadi kwenye kisanduku kiunoni, na kisanduku kilinirushia sauti popote nilipokaa. Aliyevaa maiki husahau kwamba ameivaa. Nilimsikia Kesho akimeza mate, akijisemea peke yake, akienda haja. Mengine nimeyameza na nitakufa nayo.

Na chini ya yote hayo, tangu siku ya kwanza, nilisikia kitu.

Du. Du-du. Kimya. Du-du-du. Kimya kirefu. Du.

Nikasema ni waya. Nikabadilisha waya. Nikasema ni betri, nikabadilisha betri. Nikabandua selotepu pamoja na vinyweleo vya Kesho, naye akinilaani, nikabandika upande mwingine. Kelele ileile. Mwishowe nikagundua kwamba kompyuta inaweza kuchuja sauti nzito za chini, nikaichuja. Kila jioni nilirudi stoo nikaketi juu ya begi la shemeji, nikaifuta ile kelele hadi isibaki hata chembe.

"Sauti safi sana, Masikio," Dairekta aliniambia. "Siku zote hizi ulikuwa umejificha wapi?"

Kazini sikuwahi kusifiwa, nyumbani ndiyo kabisa. Sifa zilinilevya. Nikafuta kwa bidii zaidi.

Ndipo Ijumaa ile, kwenye jiko la nyumba tupu, baada ya matusi kuniishia, nikafanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya mwanzo kabisa. Nilichukua maiki ileile, waya uleule, kisanduku kilekile, nikajibandika mwenyewe. Nikasikiliza.

Du-du. Du-du. Du-du. Sawasawa, bila kuruka.

"Kesho," nikaita, "hebu njoo nikufunge tena."

Alikuja akipiga miayo. Nikambandika, nikawasha.

Du. Kimya. Nikamtazama usoni. Anajikuna shavu. Kimya. Kisha du-du-du-du, kana kwamba kuna mtu anakimbilia mlango.

Maiki haikuwa na kosa lolote. Muda wote ule nilikuwa naufuta moyo wa rafiki yangu.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza.

"Njaa."

"Sitanii, Kesho."

"Mimi pia sitanii. Tangu asubuhi mnanilisha maji."

Nikamvisha hedifoni. Nilitegemea ashtuke. Alisikiliza kwa muda, kichwa amekiinamisha, kisha akazivua na kuukunja waya wake vizuri, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tufahamiane.

"Kumbe unasikia," akasema.

"Nilidhani ni waya."

"Daktari naye aliniambia hivyohivyo. Eti ni kama nyaya za ndani zimelegea."

"Daktari gani?"

"Wa hospitali kubwa. Anataka kunilaza wanitengeneze. Nikamwambia kesho."

Kwa mara ya kwanza neno hilo halikunichekesha. Nikakaa sakafuni nilipokuwa.

"Alikukataza nini?"

"Mambo madogo tu. Kukimbia. Kubeba mizigo. Kupanda ngazi bila sababu."

Tukatazamana. Sote wawili tulilijua onyesho la Jumamosi. Kijana ameshafukuzwa, yuko nje na godoro lake. Anatafakari. Halafu analitia godoro mgongoni na kurudi nalo mbio, ghorofa zote, hadi kwenye mlango uleule aliotolewa. Dairekta alitaka lipigwe kwa mkupuo mmoja, bila kukata, kamera ikimfuata nyuma. Alisema kichekesho chote ni kwamba mtu huyu hachoki kurudi.

"Na zile ngazi zina sababu," Kesho akasema.

"Namwambia Dairekta sasa hivi."

Akanishika mkono. "Masikio, hebu nitajie kitu kimoja nilichowahi kukimaliza."

Nikainua mkono nihesabu, hakuna kidole kilichokunjika.

"Chuo niliacha mtihani mmoja. Udereva niliacha siku ya kupewa leseni. Hata kuhama kumenishinda. Hii nitaimaliza. Jumamosi tunapiga, Jumatatu naingia hospitali na kandambili zangu. Niapie hutasema."

"Wewe bwana..."

"Niapie, ndugu yangu."

Nikaapa. Niliapa haraka ili aniachie mkono, maana mkono wake ulikuwa wa baridi na mimi nilikuwa naogopa.

Jioni ile nilimkuta dada anapiga pasi sare za watoto. Shemeji alikuwa kwenye kochi, na kabla sijavua viatu akanikumbusha kwamba Jumatatu asubuhi naanza kazi kwenye ghala lao la sabuni, na kwamba safari hii amenisemea kwa meneja, kwa hiyo nisimvunjie heshima.

"Nimesikia, shemeji."

"Kusikia umesikia. Kuamka je?"

Nikamfuata dada kwenye pasi.

"Dada, mtu akikuapisha usiseme kitu, na ukinyamaza anaweza kudhurika, unafanyaje?"

Hakuinua macho. "Ni mimba?"

"Hapana."

"Ni polisi?"

"Ni afya ya mtu."

Akaisimamisha pasi. "Huyo mtu ana mama?"

"Anaye."

"Basi unaniuliza mimi nini? Mpigie mama yake."

Dada yangu ndivyo alivyo. Mambo yanayoninyima usingizi mimi, yeye anayamaliza kabla kola haijanyooka.

Nikatoka hadi kibarazani nikampigia Mama. Sote watatu tunamwita Mama tu, kwa sababu enzi za chuo likizo zetu ziliishia mezani kwake. Aliipokea simu kabla haijaita vizuri.

"Mwanangu, uko hai? Na huyo mwenzako, anakula?"

"Anakula, Mama. Nilitaka kukwambia kuhusu..."

"Sinema. Ameniambia yote. Ananiambia yeye ndiye mkubwa wa sinema, nyinyi mnambebea vitu." Alicheka, kisha sauti ikashuka. "Unajua, aliponipigia kunieleza kwamba wameshamtengeneza moyo na amepona kabisa, nililia siku nzima. Nilikwenda kwa jirani kumwambia, nikashindwa kusema, nikarudi."

Nikaegemea ukuta wa kibaraza.

"Baba yake hakuipata bahati hiyo. Aliinama kufunga kamba za viatu aende kazini, ikawa basi. Huyo mwenzako ndiye aliyemletea viatu. Ulikuwa unataka kuniambia nini, mwanangu?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nayo yote. Nikafikiria jirani, na yule mama akirudi tena kwake safari hii na habari yangu.

"Nilitaka kukusalimia tu, Mama."

"Mungu akuweke. Siku mtakayoionyesha nitakuja, nikae mbele kabisa."

Nilikata simu nikajiona mtu wa hovyo. Nilikuwa nimeongea na mtu pekee ambaye Kesho angemsikiliza, na nimeishia kutoa salamu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Dairekta kwenye ngazi za jengo, anapima kwa macho mahali pa kupita na kamera. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani chini kabisa, jembamba, lenye maua ya kufifia. Niliamua kukivunja kiapo. Nikamweleza yote bila kupumua: kelele, daktari, baba, viatu.

Dairekta alikaa kwenye ngazi, kamera mapajani.

"Umeisikia mwenyewe?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaifuta."

"Nikaifuta."

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Alitazama juu, kwenye uwazi ule wa katikati ya ngazi ambako mwanga unaingia, na nikaona anawaza. Nilidhani anamuwazia Kesho.

"Mpangaji anaingia kesho," akasema.

"Najua."

"Bila onyesho hili hatuna sinema. Tuna mtu amekaa kwenye kochi."

"Dairekta, atakufa kwenye ngazi zako."

"Nani amesema atapanda yeye?" Akasimama, akanizungusha, akanitazama mgongo. "Kamera iko nyuma. Godoro linafunika kichwa. Mgongo ni mgongo tu, bwana. Utavaa shati lake."

Moyo ulinitulia mpaka nikataka kumkumbatia. Nilikuwa nimekuja kuua sinema, na sasa sinema ipo na rafiki yupo. Hesabu ilikuwa tamu mno, na mimi si mtu wa kupata hesabu tamu. Ningepaswa kushtuka hapohapo.

Kesho alifika anaimba. Dairekta akamweleza kwa upole, maneno mengi, mkono begani. Nilisimama pembeni nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Nilitegemea matusi. Kesho alimsikiliza hadi mwisho, akanitazama mara moja, akaanza kufungua vifungo. Alilivua shati la njano, akalikung'uta, akanikabidhi.

"Litakubana kwapani," akasema.

Basi. Hakuna kingine alichosema. Kesho ambaye mkimficha sukari anahutubia nusu saa. Nilivaa shati likiwa bado na joto lake, na lilinibana kweli.

"Atakaa na hedifoni," Dairekta akaamua. "Mabadilishano. Kesho, wewe leo ndiye sauti."

Nikajibandika maiki. Nikamfundisha Kesho kitufe cha kurekodi na mshale usiopaswa kugusa rangi nyekundu. Alitikisa kichwa kila nilipomaliza sentensi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya ngazi, hedifoni kichwani, fulana ya ndani tu kifuani, mikono katikati ya magoti.

Shangazi alikuwa amewaruhusu wapangaji kusimama milangoni, na walisimama kweli. Jumamosi hakuna aliye na kazi ya maana kuliko kutazama mjinga akipandisha godoro. Dairekta aliwaambia wasiangalie kamera, na kama wataona cha kuchekesha wacheke, maana sinema yenyewe ni ya kuchekesha.

Kisha akatugeukia sisi. "Betri ya kamera ni hii tu, na mwanga wa juu unaondoka. Tunapiga mara moja. Mpaka niseme kata, hakuna kusimama. Ukijikwaa, endelea. Ukidondosha, okota, endelea. Jengo likiwaka, endelea."

"Na mtu akiumwa?" nikauliza.

"Ndiyo maana umevaa shati wewe."

Nikalitia godoro mgongoni. Lilinuka vumbi na mafuta ya nywele. Dairekta akahesabu, nikaanza kupanda.

Ghorofa ya kwanza nilikwenda vizuri. Nilisikia viatu vya Dairekta nyuma yangu, na vicheko vya watoto. Godoro liligonga taa, liligonga kengele ya mlango wa mtu, kengele ikalia, watu wakazidi kucheka. Nilielewa kwa nini Kesho aliipenda kazi hii. Sijawahi kuwachekesha watu kwa hiari yangu.

Ghorofa ya pili pumzi ilianza kukata, na hapo nikakumbuka nina maiki kifuani na Kesho yuko upande wa pili. Ananisikia kama nilivyokuwa namsikia yeye. Hawezi kunijibu, hawezi kunigeuzia kisogo. Dairekta angeweka muziki juu ya onyesho hili, kwa hiyo maneno yangu yasingetumika popote. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Kesho," nikanong'ona chini ya godoro. "Nisamehe. Najua unanisikia."

Ngazi. Pumzi.

"Niliapa, nikavunja. Kama ni kunichukia, nichukie, lakini Jumatatu twende wote hospitali. Ghala la shemeji litasubiri. Nitakaa na wewe pale mlangoni."

Ngazi. Mpangaji mmoja kwenye kona alikuwa anashangilia.

"Sitaki ufe, bwana. Ndiyo hivyo tu. Sina mtu mwingine."

Nililia kidogo, nakiri. Chini ya godoro nani anakuona. Na mtu anayelia hupenda kuutua mzigo wote, hapo ndipo nilipojiharibia.

"Jana nilimpigia hata mama yako," nikasema.

Nilikuwa nataka kuongeza kwamba sikumwambia kitu. Nilikuwa nayo sentensi hiyo tayari. Lakini nilikuwa nimefika ngazi za kuelekea ghorofa ya tatu, zile zenye kona kali, godoro likakwama kwenye chuma cha kushikia, nikahangaika nalo, na pumzi yote ikaishia hapo.

Nilipolikwamua, nilisikia miguu.

Si viatu vya Dairekta. Miguu ya mtu anayeruka ngazi mbilimbili, kutoka chini kabisa. Kiti cha plastiki kilikuwa kimeshagonga sakafu. Nikasikia mtoto akisema, "Huyo mwingine naye anakuja."

"Kesho, sikumwambia," nikasema kwa nguvu, kifuani, kwenye maiki, nikasahau kwamba anayekimbia hana tena hedifoni kichwani. "Sikumwambia chochote. Rudi."

Miguu haikupungua. Nikafika ghorofa ya tatu, nikaendelea kupanda kwa ujinga wangu wote, kwa sababu niliambiwa nisisimame mpaka nisikie kata, na kwa sababu nilidhani nikiwahi kufika juu hatakuwa na haja ya kunifuata. Badala yake nilikuwa namrefushia ngazi.

Alimpita Dairekta. Nilijua kwa sababu Dairekta aliguna na kujibana ukutani. Nikangoja neno lile moja. Dairekta hakulisema. Nikageuka kidogo, nikaona jicho jekundu la kamera likitufuata wote wawili, na nyuma yake uso wa rafiki yangu umetulia kabisa.

Kesho alinikamata kabla ya ghorofa ya nne. Alishika godoro kwa nyuma, akalivuta, nikayumba, nikageuka. Sasa tulikuwa ana kwa ana, mimi ngazi za juu, yeye za chini, godoro katikati yetu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Umemwambia mama?"

"Sikumwambia. Haki ya Mungu."

"Kiapo chako nakijua."

"Kesho, kaa chini. Tafadhali kaa."

"Alikuwa amelala usingizi, Masikio." Alimeza hewa. "Tangu baba afe, ndiyo kwanza amepata usingizi. Umemwamsha."

"Hajui kitu. Anadhani umepona. Nilimsalimia tu."

Alinitazama, na naapa kulikuwa na sekunde moja ambayo alitaka kuniamini. Halafu mlango wa ghorofa ya nne ukafunguka, akatoka mama mmoja na mtoto mgongoni, akatuona, wanaume wawili tukigombania godoro kuukuu kwenye ngazi, akaangua kicheko. Kesho alimsikia. Ni mwigizaji, hawezi kujizuia. Nilimwona akinyoosha mgongo.

"Nipe godoro langu," akasema, kwa ile sauti ya sinema. Na kisha chini kabisa, kwangu: "Zimebaki kidogo tu. Niachie nimalize."

Fikirieni wenyewe. Nikiliachia, atapanda nalo mbio hadi juu. Nisipoliachia, atalivuta, na kuvuta nako ni kazi. Dairekta alikuwa na neno moja la kutuokoa sote na alikuwa ameling'ang'ania.

"Dairekta, kata," nikaita.

Kamera ikasogea karibu.

Nikaamua. Nililishika godoro kwa mikono miwili, nikakaza miguu, nikavuta kwa nguvu zangu zote ili nimpokonye na yaishe. Kesho naye akavuta. Kwa umbo lake lile jembamba sikutegemea nguvu za namna ile. Godoro lilisimama wima kati yetu, refu, maua yake usoni kwangu, sikumwona tena. Nilimsikia tu akihema, nikasikia shati la njano likipasuka kwapani, nikasikia watu wa ghorofa za chini wakipiga makofi.

Nikavuta tena. Na ghafla upande wa pili hakukuwa na mtu wa kuvuta.

Nilianguka chali kwenye ngazi, godoro likanifunika mzima, giza, vumbi mdomoni. Nikaita jina lake, lile alilopewa na mama yake, ambalo hakuna kati yetu aliyelitumia kwa miaka. Hakuitika. Yule mama wa ghorofa ya nne alikuwa anacheka mpaka anaomba wamsaidie kumshika mtoto, na Dairekta alikuwa bado hajasema kata.